Kutoka Léo Hadi Kindu kwa Saa Moja

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimeharibu na sijui nitengeneze vipi. Mimi ni karani wa mizigo kwenye gare ya treni hapa Kindu, na mdogo wangu Mbaraka, mgonjwa wa mapafu, alipelekwa hospitali Léopoldville kwa ndege, kilomita elfu moja na mia mbili, saa tano angani, na siku ya nne, kengele ya gare ilipolia saa nane mchana, nilikuwa bado nyumbani nakula, nikasikia kikohozi chake upande wa pili wa ua, kile cha mara tatu na kusafisha koo, na mke wake Germaine, aliyekuwa anachekecha unga wa muhogo, akasema kwa furaha, “Karibu, baba Claudine! Ulikuya na avion gani?” kisha akapiga kelele, kwa sababu mlangoni hapakuwa na mtu, na majirani wakakimbilia kwake, lakini mimi nikaenda kazini.

Kesho yake ikaja telegramu kwamba Mbaraka amefariki jana saa saba mchana, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma Kifaransa niliisoma matangani mbele ya ukoo, na kwa kiburi cha hesabu nikasema amekufa saa saba, Germaine amemsikia saa nane, basi safari yake kutoka Léo imechukua saa moja, na mjomba wetu Kitenge akadakia palepale, “Avion ya Wazungu inamaliza saa tano, ya huyu mwanamuke saa moja tu! Njo ile ya bulozi! Njo alimukamata nayo mutoto yetu!” Tangu hapo hakuna anayekula chakula cha Germaine, na Jumapili matanga yakiisha watamrudisha kwao Lokandu na kumnyang'anya Claudine, mtoto wake wa miaka mitatu, na mimi bado sijamwambia mtu kwamba nilisikia, naogopa wataniuliza ndege hiyo ya uchawi na mimi nilipandia wapi. Nifanye nini?

Bulaimu, Kindu

Bwana Bulaimu, pole kwa msiba. Pole nimekwisha kuitoa, sasa nisikilize.

Karani mzima wa gare, unashinda chini ya saa ya ukutani, hujui kwamba saa za Léo ziko nyuma ya zetu za mashariki? Kule ikipiga saa saba, Kindu ni saa nane kamili. Muulize mtu wa posta. Ile saa moja uliyoitangaza matangani haikuwepo kabisa. Mbaraka alikata roho Léo na kukohoa mlangoni kwake kwa wakati uleule.

Sitajifanya najua alifikaje. Nilipopiga hesabu hiyo niliogopa, nikaacha meza yangu nikaenda kukaa na watu jikoni. Lakini safari isiyochukua hata dakika moja si ya ndege, ya Wazungu wala ya wachawi, na Germaine hakumkamata mtu. Ni mume aliyerudi kwake.

Mbaya ni wewe. Jambo mlilisikia wawili, ukamwachia shemeji yako alibebe peke yake kwa kuogopa mdomo wa mjomba. Huoni haya?

Usingoje Jumapili. Mchukue mtu wa posta, chukua telegramu, kaa mbele ya ukoo, eleza habari ya saa, kisha sema: mimi pia nilisikia. Wakikutukana, vumilia. Halafu mwombe Germaine chakula, ule mbele yao, umalize sahani.

Na kengele ya saa nane ikilia ukasikia tena kikohozi kile, acha kula, uitike. Siku ile mdogo wako alikohoa mara tatu, na kaka yake alikuwepo, wala hakuitika.