Tata Aliyesoma Omukama, Kisha Akasoma Bwana

Tata, baba yangu mpendwa,

Nilikuwa darasa la tano tulipohamia Ngenge. Wewe ulikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na kibanja chetu karibu na Muleba kilikuwa kimegawanywa kwa ndugu mpaka mgomba wa mmoja ukianguka unalala kwa mwingine. Ilipotangazwa kwamba kule Ngenge kunaanzishwa kijiji cha ujamaa, wengi walisita. Wewe ulimwambia mama, "Watu wakienda, lazima awepo wa kuwasomea." Ukafunga godoro na majembe mawili, na Agano Jipya lako la Kihaya ukaliviringisha ndani ya shati la Jumapili.

Kitabu hicho nilikizoea kabla sijajua kusoma. Siku moja ulinisimulia kwamba mama yako hakukipenda hata kidogo. Yeye alibatizwa enzi ambazo Wahaya walisoma Biblia ya Kiganda, na Kihaya kilipopigwa chapa alisikitika. "Sasa Mungu anaongea kama watu wa jikoni," alisema. Ulicheka sana uliponisimulia. Halafu ukasema hilo ndilo lililokuvuta. Kiganda ulikiheshimu, lakini Kihaya kilikukuta pale ulipokuwa umekaa.

Kanisa letu jipya lilikuwa la miti na nyasi, na viti vyake vya udongo. Wahaya tulikuwa wengi, lakini walikuwepo pia Wasubi, Waha na Wasukuma. Ulisoma kwa Kihaya, ukahubiri kwa Kihaya, kisha mwishoni ukawapa wale wengine maneno machache ya Kiswahili. Wao waliketi nyuma. Mimi sikuona ubaya wowote. Sauti yako ilikuwa inajaza nyumba nzima, na nilikuwa binti wa mwenye sauti.

Halafu viongozi wa kanisa Bukoba walituma Biblia ya Kiswahili, isomwe kwenye vijiji vyenye watu mchanganyiko. Uliipokea kwa mikono miwili, ukaifunika kwa kitambaa safi, ukaiweka sandukuni. Humo ikakaa.

Katibu wa kijiji alipata habari. Alikuwa kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikuja nyumbani kwa heshima zote.

"Mzee, tunajenga taifa moja lenye lugha moja," alianza. "Na kuna hilo neno mnalomwitia Mungu, Omukama. Abakama, wale wafalme wenu, tuliwaondoa baada ya uhuru. Wewe unamwita mmoja kila Jumapili."

"Wale walikuwa na ngoma na mashamba," ulimjibu. "Huyu ninayemsoma hana kitu mnachoweza kumnyang'anya."

"Basi sema Bwana, kama wanavyosema wenzako."

"Bwana." Ulilitamka polepole kama mtu anayeonja mchuzi. "Tuna bwana shamba. Tuna bwana afya. Juzi kaja bwana mifugo. Nikiita Bwana kanisani, aitike yupi?"

Katibu mwenyewe alicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nimeziba mdomo kwa mkono. Kesho yake nilisimulia shule nzima jinsi Tata alivyomshinda katibu.

Masika ya mwaka ule surua iliingia kijijini. Jirani yetu Mama Kabula, Msukuma aliyehamia na mumewe mwezi uleule tuliohamia sisi, alifiwa na mtoto wake wa mwisho. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajaribu kutembea. Ulisoma kaburini kwa Kihaya kama siku zote, na ulisoma vizuri mno, hata wanawake wa kwetu wakalia wote. Mama Kabula hakulia. Alikuwa anakutazama mdomo.

Watu walipoanza kutawanyika akakusogelea.

"Mzee, umemwambia nini mwanangu?"

Ulifungua kinywa umweleze. Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni na cha mikutano, na maneno ya pale hayakuwemo. Ulianza mara mbili, ukasita mara mbili. Mwisho ukasema, "Maneno mazuri, mama. Ya faraja."

"Najua ni mazuri," akasema. "Niliona wenzangu wanalia."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali, labda ungepata la kujibu. Tulirudi nyumbani, na mama alipokuandalia chakula ulisema umeshiba, nawe hukuwa umekula tangu asubuhi.

Siku iliyofuata nilipotoka shule nilikukuta umeketi nje kwenye benchi. Sanduku lilikuwa wazi na ile Biblia ya Kiswahili ilikuwa magotini mwako.

"Kokugonza," uliniita. "Mwalimu wako anasema hakuna anayekupita kusoma Kiswahili. Nifundishe."

Tata, sijawahi kukueleza jinsi nilivyoogopa. Nilikuwa sijawahi kukukosoa hata kwa kukutazama. Ulianza kusoma, ukakosea, nikanyamaza. Ukakosea tena, nikanyamaza. Ukafunga kitabu.

"Ukiniacha nikosee hapa, nitakosea mbele ya wafiwa."

Basi nikaanza kukukosoa. Ulisoma "zambi" nikasema "dhambi". Ulisoma "gazabu" nikasema "ghadhabu". Siku uliposoma "samani" badala ya "thamani", mama, aliyekuwa anamenya ndizi pembeni, aliuliza hivyo viti na meza vimeingiaje humo, na sote watatu tukacheka mpaka tukatoka machozi. Lakini kesho yake "thamani" ilitoka sawasawa. Ulikuwa umeirudia peke yako shambani, mama alikusikia.

Ilituchukua karibu mwezi mzima. Kisha jioni moja, kabla jua halijazama, ulivaa koti lako, ukaniambia nikusindikize. Tulikwenda kwa Mama Kabula. Ulimwomba aketi. Wewe ukabaki umesimama, kama uliposimama kaburini, ukamsomea maneno yaleyale uliyomsomea mwanawe, yote, kwa Kiswahili, bila kuruka hata moja. Sauti yako haikuwa ile ya kanisani. Ilikuwa ya mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

Alilia pale. Alilia kwa muda mrefu, na hatukuondoka.

"Kumbe ndivyo ulivyomwambia," alisema baadaye.

"Ndivyo."

Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ya watu, ukawaambia, "Nimewanyima wenzetu chakula kwa sababu sahani yao haikuwa ya kwetu. Nisameheni." Ukafungua Biblia ya Kiswahili. Mzee mmoja wa kwetu alitoka nje, na kwa majuma kadhaa hakurudi. Hukumsema vibaya. Ulikuwa unamwelewa kuliko sisi sote. Mimi niliyekaa mbele niliona kwamba kila ulipofika kwenye neno Bwana, ulikuwa unatua kidogo kabla ya kulitamka. Mpaka mwisho wa maisha yako ulitua.

Katibu alikuja kukupongeza kwamba umeipokea lugha ya taifa. Ulimshukuru, ukamkaribisha kahawa, kisha ukamwambia, "Sikulifanyia taifa, mwanangu. Nilimfanyia mama mmoja. Humu ndani kwangu bado ni Omukama."

Na kweli, humu ndani ilikuwa Omukama. Kila asubuhi ulitusomea Kihaya, na kila Jumapili uliwasomea watu Kiswahili, na sikuona kimoja kikikipunguza kingine.

Ulipofariki miaka mingi baadaye, mchungaji alikuja na Biblia ya Kiswahili, kwa kuwa kijiji kilikuwa kimeshazoea hivyo. Alipoifungua, Mama Kabula alisimama. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na Kihaya alikuwa anakisema kama waliozaliwa nacho.

"Mchungaji," alisema, "huyu asomewe kwa Kihaya. Sisi tutaelewa."

Mchungaji hakuwa Mhaya. Akatazama huku na huku, na mimi nikaenda mbele na kitabu chako. Nilisoma, Tata. Sikukosea.

Sasa nimestaafu ualimu wa Kiswahili, naishi Hamugembe, hapa Bukoba, na mwezi uliopita kanisa letu lilikaa kikao. Vijana wanataka tafsiri mpya, ya Kiswahili chepesi. Wazee wenzangu wanataka ile ya zamani. Nami ni wa ya zamani, sitakuficha. Ile mpya naisikia nyepesi mdomoni, na karibu niseme inaongea kama watu wa kituo cha basi. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono niseme, ndipo mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akatangulia. "Ya zamani naisikia inapita," alisema, "lakini haisimami kwangu."

Nikashusha mkono. Nilipopewa nafasi, niliwasimulia habari zako na Mama Kabula, hizi hizi nilizokuandikia, kisha nikasema isomwe mpya. Wazee wawili walinikasirikia. Watanirudia tu.

Watu huniuliza mimi mwalimu ni tafsiri ipi iliyo sahihi zaidi. Nawajibu waende kwa waliosoma lugha za kale. Mimi ninachokijua ni kwamba nililelewa na mwanamume aliyekipenda kitabu chake kuliko vitu vyote alivyokuwa navyo, na hakuna aliyeweza kumlazimisha akifunge, wala katibu, wala viongozi wa Bukoba. Akakifunga mwenyewe, kwa swali la mama mmoja aliyefiwa. Nimeona watu wengi wakubwa, Tata. Nimefundisha baadhi yao. Sijaona aliyekupita.

Wakola muno, asante sana. Pumzika kwa Omukama wako.

Ni mimi binti yako, uliyemfanya mwalimu kabla hajamaliza shule.