Uso wa Dirisha la Tatu

Busale, Kyela
Jumatatu jioni, mwezi Machi

Kwako Dada Lucy,

Mugonile, dada yangu. Pokea salamu zangu na za mama, ambaye ameketi hapa karibu ananiuliza kila baada ya mstari nimeandika nini. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua chako kimeanza kuizoea baridi ya Njombe. Eliya hajambo? Bado suruali zinamfupikia kila muhula? Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haikatiki, lakini shambani anakwenda mwenyewe na hataki kuambiwa apumzike. Maji yalifika hadi jiko la nje, yakarudi. Mpunga umesimama vizuri.

Utashangaa kwa nini nimeandika kwa mkono wakati simu ipo. Simu yako anaishika Eliya kuliko wewe, na ujumbe wowote anausoma yeye kwanza ndipo akuite. Haya ninayokuandikia si ya kumfikia mtoto kabla ya mama yake. Ndiyo maana nimempa Ambilikile, yule dereva wa lori la mchele, nikamwambia akukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Unakumbuka nilikuambia kwamba kanisa jipya la Ipinda lilimleta fundi kutoka Songea, anaitwa Nelson, aje kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi, nami nikachukuliwa kujifunza. Sikukusimulia kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu miezi ya mwanzo nilikuwa nikirudi nyumbani kichefuchefu kimenishika. Banda letu liko nyuma ya ghala la kakao. Unajua kakao inavyovundikwa chini ya majani ya migomba hadi iteleze kama kamasi. Basi harufu ile ya siki na uozo ndiyo tuliyoivuta kutwa nzima, na nzi walikuwa wakitoka kule wanakuja kutua kwenye midomo yetu. Vioo vya kujifunzia vilitolewa kwenye stoo moja iliyobomoka, na kila kimoja kilikuwa kimegandwa na mavi ya popo. Nilivisugua kwa majivu na kwa kucha zangu. Halafu ananipikia mama wali na samaki, nautazama mkono wangu, siwezi kuupeleka kinywani.

Na huyo Nelson mwenyewe! Anavuta ugoro, anapenga kwa kitambaa, na kitambaa hicho hicho ndicho anachofutia kioo. Kifaa cha kukatia kioo kina kigurudumu kidogo cha chuma ambacho hulainishwa kwa mafuta ya taa. Mafuta yakimwishia, Nelson anatema mate kwenye kigurudumu anaendelea, kisha anakupa wewe ushike. Siku ya kwanza nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro, yeye akacheka akasema wanafunzi wake wote huanzia hapo hapo.

Lakini dada, kufundisha anajua. Alinifundisha kwamba kioo hakikatwi kwa nguvu. Unapitisha kigurudumu mara moja tu, kwa mkono usiobadilika, na unasikiliza. Ukisikia sauti kama ya kanga mpya inayochanwa, umepatia. Hurudii juu ya mstari ule ule hata iweje, ukirudia kioo kinapasuka kinakotaka chenyewe. Kisha unashika pande zote mbili kwa vidole gumba, unakunja chini, na kioo kinaachana. Kazi ngumu ni mkunjo unaoingia ndani, kama wa shingo au wa bega. Huo huwezi kuutoa kwa mara moja. Unachora mikunjo myembamba ya mwezi mwandamo, mmoja ndani ya mwingine, unang'oa mmoja mmoja kwa koleo hadi uufikie mstari wako. Nilivunja vioo vingi sana. Vidole vyangu sasa vimejaa makovu madogo kama vya mtu aliyeparurwa na paka. Na asubuhi moja mkunjo ukatoka safi, nikauinua mlangoni, rangi ya bluu ikaniangukia kwenye gauni, nikasahau kakao na popo na mate. Tangu hapo Nelson akawa ananiachia mikunjo yote.

Madirisha mawili ya kwanza tuliyamaliza, moja la mavuno na jingine la mvuvi na nyavu zake. La tatu, lile kubwa la mbele, lilikuwa la Bwana akiwapokea watoto. Tuliambiwa limetolewa na msharika mmoja asiyependa kutajwa. Mimi nilimwombea mtu huyo kila nilipopiga magoti. Hilo nalo hunitia kinyaa nikilikumbuka.

Siku moja mlango wa banda ukafunguliwa akaingia Hezroni.

Najua hujalitamka jina hilo tangu siku ile aliposimama mbele ya baraza la wazee wa kanisa, akaapa kwamba mimba yako haimhusu na kwamba hata kwetu hapajui. Na wewe ukatengwa na Meza ya Bwana, yeye akapewa mkono wa pole kwa kusingiziwa. Nisamehe kulirudia, lakini bila hilo huwezi kuelewa nilichokifanya. Sasa ndiye mnunuzi mkubwa wa kakao huku, na banda tulilokuwa tukifanyia kazi ni lake. Hakunitambua. Nilikuwa mtoto wa shule alipokuwa akija kwetu, na nilikuwa nimejifunga kitambaa puani kwa ajili ya harufu.

Akamwambia Nelson kwamba yeye ndiye mtoaji wa dirisha la tatu, na kwamba amefikiri sana, angependa uso wa Bwana ufanane kidogo na wake, wajukuu wake wapate kumkumbuka. Akatoa picha yake, mashavu yamevimba, shingo imeingia mabegani. Akasema atolewe uzee, achorwe alivyokuwa kijana.

Dada, nilihisi kama nimemeza nzi. Mtu huyu, kati ya watu wote, awekwe mbele ya kanisa amewazungushia watoto mikono! Alipoondoka nilimwambia Nelson siwezi. Sikumwambia kwa nini. Akanijibu kwamba sisi tunakata vioo, hatukati mashauri, na kama nataka kuwa fundi nizoee nyuso nisizozipenda. Mwenyewe akajaribu kuichora ile picha, ikamshinda. Tanuru la kuchomea rangi hatukuwa nalo, hivyo uso wote ulipaswa upatikane kwa vipande vyenyewe, paji kipande chake, mashavu vyake, kidevu chake, na utepe wa madini ya risasi unaoviunganisha ndio uwe mistari ya uso. Ni mikunjo mitupu. Akaisukuma ile picha mbele yangu akasema, kazi yako hii.

Nilikaa nayo wiki nzima. Kila nikiishika nakwenda kunawa. Mwishowe nikamwomba Nelson aniache nichore kwa namna yangu, akaniacha. Nilikata uso ule kwa mkono uliotulia kuliko siku zote. Hakuna kipande hata kimoja kilichopasuka.

Dirisha lilipokamilika tulilisimamisha mlangoni ili lipate mwanga, wakaja kulitazama mchungaji na wazee wa kanisa, mama Angetile akiwemo, ambaye unakumbuka alikuwa mmoja wa waliokuketisha kwenye lile benchi la waliotengwa. Hezroni alikuja amevaa koti jeupe. Alisimama akatazama, kisha akapiga makofi kama mtoto.

"Huyu ni mimi!" akasema. "Jamani, huyu ni mimi kabisa! Tazameni hizi nyusi zilivyokutana. Tazameni sikio!" Akalishika sikio lake la kushoto, lile lililosimama peke yake, akawageukia wazee mmoja mmoja wamthibitishie. Akasema kidevu kile kilichogawanyika ni cha ukoo wao, hakuna mwingine anacho kuanzia Ipinda hadi ziwani. Akamuuliza Nelson picha yake ya ujana ameitoa wapi, maana yeye mwenyewe hana.

Nelson akaninyooshea kidole.

Nikavua kitambaa usoni. Nikatoa simu kwenye mfuko wa aproni, nikamwendea kwanza mama Angetile, nikamwonyesha ile picha uliyonitumia Krismasi, Eliya akiwa na sare ya shule.

"Picha ya mzee sikuitumia," nikasema. "Huyu niliyemkata ni Eliya, mtoto wa dada yangu Lucy."

Mama Angetile alitazama simu, akatazama dirisha, akamtazama Hezroni. Akaomba kiti. Alipoketi akajifunika uso kwa kanga na kusema kwa Kinyakyusa kwamba siku ile mkono wake ndio uliotangulia kunyooshwa kukubali utengwe. Hezroni akaniomba simu. Sijui kwa nini nilimpa. Akaikuza ile picha kwa vidole vyake, akaisogeza huku na huku, akitafuta mahali pa kukanusha, na hakupapata, kwa sababu kila alichokisema kuhusu kioo wote walikuwa wamekisikia. Aliporudisha simu ilikuwa ina jasho lake. Niliifuta kwa mafuta ya taa.

Sasa nikwambie ukweli wangu, dada, usije ukadhani mimi ni hodari kuliko nilivyo. Sikupanga aseme vile. Nilitaka tu mikono yangu isiitengeneze sura yake. Nilijiambia nitamweka mtoto aliyekanwa badala ya aliyemkana, na nitakuwa nikiketi kanisani nikijua peke yangu. Ni yeye mwenyewe aliyejitambua. Lakini uso wa mwanao niliuchukua bila kukuomba ruhusa. Miaka yote hii umemlea mbali ili macho ya watu wa huku yasimguse, na mimi nimemsimamisha mlangoni, jua linampiga, kila mtu anamtazama. Kwa hilo naomba unisamehe.

Ungedhani Hezroni angejificha. Juzi alikuja hapa nyumbani na mdogo wake Dickson, wamebeba mkungu wa ndizi na jogoo. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuwapa kiti. Hezroni akasema wakiwa wamesimama kwamba damu ni damu, ya zamani yapite, mke wake amemzalia wasichana watupu na biashara inahitaji kijana wa kuishika. Akauliza Eliya ana urefu gani. Akauliza kama hesabu anaweza, na kama meno yake ni mazima. Meno, dada! Kama mtu aliyekwenda mnadani. Wewe hakukuulizia. Hakuuliza kama uko hai. Mama akaendelea kupepeta hadi mchele wa ungo ukaisha, ndipo akamwambia, "Mtoto ana mama. Nenda kamwombe huyo uliyesema humjui." Wakaondoka na jogoo wao. Mimi nilichukua ufagio nikafagia pale waliposimama, na nikapafagia tena.

Ameapa kwamba kabla ya Pasaka atakuja Njombe. Namba yako ameitafuta kwangu na kwa mama, hatukumpa, ila kuna wengine wenye midomo myepesi. Nimetaka uyasikie kwangu kabla hujamwona mlangoni. Eliya aambiwe nini, na lini, hilo ni lako. Mimi nimeshaingilia vya kutosha.

Uso ule niliutoa dirishani mwenyewe, mchungaji alikubali. Pamezibwa kwa ubao. Waliniomba nikate mwingine, nikakataa. Baada ya Pasaka nakwenda Songea na Nelson, kuna kanisa limemwita, na amesema sasa mimi si mwanafunzi tena, tutagawana kazi. Ugoro wake utaniua, lakini nakwenda. Vile vipande nimevifunga kwenye kanga chini ya kitanda. Ukisema nikuletee, nitavileta. Ukisema nivivunje, nitavivunja siku hiyo hiyo.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikamate kalamu leo. Jana kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, mzee wa kanisa alisimama akasoma kwamba baraza limekaa, na dada Lucy wa Busale amesamehewa, anaweza kurudi Mezani. Watu wakasema amina. Hezroni alikuwa benchi la mbele, naye akasema amina.

Nilisimama. Nikauliza, "Amesamehewa nini?"

Mzee alikunja karatasi akatangaza wimbo. Nikatoka, na nilipofika nje nikasikia hatua nyuma yangu, nikadhani ni mtu amekuja kunirudisha. Alikuwa mama, anachechemea, Biblia kwapani. Tukarudi nyumbani kwa miguu kwenye matope.

Msalimie sana Eliya, mwambie mama yake mdogo na bibi yake wa huku wanamkumbuka. Wasalimie pia majirani zako wanaokutunza ukiugua, ndaga fijo kwao, asante sana. Mama anasema usirudi kwa ajili ya Meza ya hao. Siku ukitaka kuja, anasema, uje ule wali wake, na kiti chako anakifuta sasa hivi ninapoandika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kisa