Mashine ya Maombi

Kaka yangu Mutua,

Umeandika hadharani, nami nakujibu hadharani. Wiki iliyopita ulitundika mtandaoni picha ya kisanduku ulichonunua huko Kanada, kile chenye gemu za zamani zilizotolewa upya ili zichezwe kwa televisheni za siku hizi. Chini yake ukaandika: "Marehemu mama yangu alikuwa akiomba nasi kabla ya kila gemu. Hiyo ndiyo imani iliyonilea." Watu wakakumwagia mioyo na Amina. Kisha ukanitumia kisanduku kama hicho hapa Kiboko, na karatasi ndani yake: "Dada, tucheze tena kama zamani. Nakuja Desemba kumjengea mama, mwaitu wetu, kaburi. Niambie jambo moja tu. Aliniulizia?"

Nitakujibu. Lakini kwanza utanisikiliza, kwa sababu wale waliokuambia Amina hawajui waliitikia nini.

Nimekiwasha kisanduku chako. Nimecheza ile gemu yetu ya vifaru, Jumamosi nzima, peke yangu. Lazima nikiri kwamba waliofanya kazi hiyo ni mafundi. Rangi zimeiva, nasi hatukuwahi kujua kwamba ina rangi, maana televisheni ya baba haikuwa nazo. Picha haitetemeki. Kaseti haipulizwi vumbi ndipo ishike. Na kuna kitufe, Mutua, ambacho ukikosea unakibonyeza, kifaru chako kilicholipuka kinajikusanya, kinarudi nyuma, unaendelea kama mtu ambaye hajawahi kufa. Nilikitumia mara mbili nikakichukia. Hawa wafanyabiashara wanatuuzia utoto wetu ukiwa umeoshwa, na sisi watu wazima wenye mvi tunapanga foleni kuununua, kwa sababu tumechoka kukumbuka kwamba tulikuwa tukishindwa. Hata hivyo wana uaminifu kukushinda wewe. Kwenye boksi wameandika kwamba mchezo umerekebishwa. Wewe umemrekebisha mama ukamtoa upya, na hukuandika popote.

Basi niwaambie wasomaji wako ilivyokuwa.

Kyuso kwetu, nyumba ya bati, betri ya gari iliyochajiwa kwenye kinu cha posho. Wewe una miaka kumi na minne, mimi tisa. Baba ametuletea ile mashine kutoka Kitui mjini, na mama ametoa amri: Jumapili haiguswi, na siku nyingine hadi ndengu zipurwe zote. Jioni moja anaingia, makapi ya ndengu yamemjaa kwenye leso, anasimama mbele ya kioo cha televisheni. Kimeandikwa yale maneno ya kuanzia: mchezaji mmoja, au wachezaji wawili. Kwa Kiingereza, bila shaka. Anakuuliza:

"Mutua, hapa pamesema nini?"

"Pleya, mwaitu. Pleya moja ama pleya mbili."

Msomaji asiye Mkamba anisamehe nimweleze. Herufi ya r hututeleza mdomoni, tukaiweka l mahali pake. Player, yaani mchezaji, tuliita pleya. Prayer, yaani maombi, tuliita pleya vilevile. Mama hakujua Kiingereza, lakini neno hilo alilijua vizuri kuliko wewe, maana kila Ijumaa alikwenda pleya mitingi na wenzake wa kanisa.

"Ya maombi?" akauliza. Nakumbuka sura yake ilivyolegea.

Ulinitazama. Ukaona mlango umefunguka wenyewe. "Eeh, mwaitu, ya maombi. Inataka kujua unaomba peke yako ama mnaomba wawili."

Kuanzia siku hiyo tulicheza hata Jumapili. Yale maneno yakitokea, mama alikuwa akiacha alichoshika, anafunga macho. "Baba, hawa watoto wangu wawili, uwalinde wakiwa pamoja." Halafu wewe unabonyeza, na vifaru vinaanza kulipuana. Hata milio ile ulimpa maelezo yake. "Huyo ni shetani anapigwa, mwaitu." Naye akasema, "Mpigeni!" Tulicheka hadi tukaumwa mbavu, tumeficha nyuso kwenye mito ya kochi. Hivyo ndivyo mama alivyoomba nasi kabla ya kila gemu. Imani ilikuwa yake, Mutua. Ya kwetu ilikuwa mbinu.

Na hungeweza kuishia hapo kwenye simulizi yako tamu, kwa sababu haikuishia hapo. Ikaja Jumapili ya shukrani ya mavuno. Kanisa limejaa hadi nje, magunia yamepangwa mbele, na mama akasimama kutoa ushuhuda. Alikuwa amevaa ile sweta ya kijani.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi sikusoma. Lakini Mungu ameleta kwangu mashine ya maombi. Ukiiwasha inakuuliza, pleya moja ama pleya mbili. Na watoto wangu siku zote wanachagua mbili. Hawaombi mmoja mmoja."

Kisha kicheko kimoja kwenye viti vya vijana, kisha viwili. Pasta akakutafuta kwa macho. "Mutua, simama. Hebu tuambie, hiyo mashine ni ya maombi?"

Ungeweza kusema lolote. Ungeweza kusema kwamba ni wewe uliyemwambia. Ukasimama, ukatabasamu, mimi nilikuwa kando yako nikaliona tabasamu lenyewe, ukasema, "Hapana Pasta. Ni gemu ya vita. Mama tu hajui Kizungu."

Kanisa zima likacheka. Hata waliokuwa hawajui Kizungu walicheka, nafikiri wao ndio waliocheka kwa nguvu zaidi. Mama alibaki amesimama kidogo, anafunga vifungo vya sweta vilivyokuwa vimefungwa tayari. Akakaa. Njiani kurudi hakutugombeza. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na yule aliyekuwa akipigwa, hakuwa shetani?" Ukasema hakuwa. Akasema, "Haya."

Ulienda shule ya bweni, kisha Nairobi, kisha ng'ambo, hukuona yaliyofuata. Sokoni Kyuso aliitwa Mama Pleya. "Mama Pleya, hizi ndengu zina mawe?" Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile walimwita hivyo wakidhani ndilo jina lake, na aliitika. Alihamia kiti cha mwisho kanisani, karibu na mlango. Hakusimama tena kutoa ushuhuda hadi alipokufa. Mwanamke aliyeweza kuomba hadi bati zikatetemeka alinyamaza miaka yote hiyo, na wewe leo unaupigia picha ukimya wake na kuuita malezi.

Sasa unataka kumjengea kaburi. Jenga. Weka vigae, weka jina, weka na ile mistari ya Biblia ambayo watu huweka. Mawe hayabishani na mtu. Ila usithubutu kusimama mbele ya watu wa Kyuso uwasimulie ile hadithi yako, kwa sababu kuna wazee pale waliokuwa ndani ya kanisa, na nitakuwa nimesimama nyuma yako.

Limebaki swali lako.

Ndugu zetu wote wanaamini ulipuuza ugonjwa wake. Kwenye mazishi walikusema vibaya, nami nikawaacha waseme. Ulipata habari akiwa tayari mochari, na umeomba msamaha kwa hilo tangu siku ile, kwa kila mtu, kama vile lilikuwa kosa lako.

Alikuulizia, Mutua. Siku nne mfululizo, hapa kwangu nilikomleta akiugua, ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akitazama malori ya barabara ya Mombasa. Macho yalikuwa yamekwisha, simu haioni. "Mpigie Mutua, nina neno lake." Nikachukua simu, nikaiweka sikioni, nikasubiri kiasi mtu anachosubiri, nikamwambia, "Mwaitu, hashiki." Siku ya pili nikamwambia amezima. Siku ya tatu, hashiki. Sikuwa nimebonyeza namba yoyote. Siku ya nne alisema, "Labda ana kazi nyingi. Usimsumbue."

Nilitaka na wewe usimame mahali ukose la kusema. Nilitaka hivyo tangu nikiwa na miaka tisa.

Hilo neno sijui lilikuwa lipi. Nilimwambia anipe mimi nikufikishie, akakataa, akasema ni lako. Huenda alikusamehe. Huenda alitaka kukulaani. Huenda lilikuwa jambo la shamba tu. Amekwenda nalo, na hakuna fundi wa Kanada wala wa popote atakayelitoa tena.

Njoo Desemba ukiweza kunitazama. Mimi sijui kama nitaweza.

Dada yako mdogo, aliyebaki na mama,
Mwende