Chungu cha Kuazima

Selby's Ford, Alabama
Septemba 9, 1968

Shemeji yangu mpendwa Thurman,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti limeanza kusikia dawa. Nami sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu dada yako Arvella alipotangulia. Hadi leo napika viazi vya watu wawili. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, kwa maana haikunipendeza.

Umeandika kwamba hutakuja Novemba, chuo chetu cha Tabor Grove kitakapowasimamisha uwanjani, ili kuwaenzi, wachezaji waliosalia wa timu ya mwaka 1927. Umesema, "Mimi nilikuwa chungu cha kuazima, Lemuel, na chungu cha kuazima hakipangwi kabatini pamoja na vya mwenyewe." Naomba ruhusa yako nibishane na chungu hicho.

Unajua tulivyouanza msimu ule: vijana kumi na wanne wa mpira wetu huu wa kukimbia nao mikononi na kuangushana, viatu vya kupokezana, na kocha aliyekuwa mwalimu wa Kilatini. Mkuu wa chuo alikuwa ametamka mbele ya kanisa zima kwamba timu isiyoweza kumaliza msimu haina haja ya uwanja, na kwamba mwaka ujao pale patapandwa viazi vitamu. Tulifungwa mechi tatu za kwanza. Ya nne tukashinda, tena kwenye matope, na siku ile niliwaona wazee waliokuwa wakitucheka wakituvulia kofia. Lakini ushindi ule ulituvunja mbavu na vifundo. Tulipofika mjini kwenu kucheza na chuo chenu cha Wickliffe, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, tulikuwa tumebaki kumi. Kumi si timu. Mwamuzi asingepuliza filimbi, na msimu wetu ungeishia pale.

Kwa kuwa hapakuwa na hoteli ya kutupokea sisi watu weusi, tuligawanywa majumbani mwa wenyeji kama ilivyokuwa desturi, nami nikaangukia kwenu: nahodha wa wageni chini ya paa moja na kaka yako Hosea, nahodha wa Wickliffe. Mama yenu alinijazia sahani, akamwambia Hosea, "Huyu mgeni wangu. Kesho ukimvunja, chakula cha jioni utakula kwa jirani." Aliposikia kwamba tuko kumi, aliweka mwiko chini. Akasema watu wametoka mbali na vikapu vyao vya chakula, na Wickliffe ina vijana wanaokalia benchi mpaka suruali zinang'aa. Basi watukopeshe mmoja. Hosea alicheka hadi akapaliwa. Hata hivyo alimpelekea kocha wake, Mwalimu Renfroe, maneno yale, na asubuhi ukaletwa wewe, jezi yetu ikikufika magotini, na wenzako wakikuimbia, "Thurman kauzwa! Kauzwa kwa mkate wa mahindi!"

Yaliyofuata unayajua, lakini niruhusu niyaandike, maana kuyaandika kunanifurahisha. Tulikuwa sita kwa sita, na muda unakwisha, Hosea alipochomoka na mpira kifuani, akatupita sote, nami nikiwa kifudifudi na nyasi mdomoni. Mbele yake ulibaki wewe peke yako, na alikuzidi uzito kwa ratili hamsini. Hukumrukia shingoni. Ulijitupa chini ukaikumbatia miguu yote miwili, naye akaanguka kama mti. Nilimsikia akinguruma, "We mtoto, nitakusemea kwa Mama." Ukamjibu bila kumwachia, "Mama ndiye kanituma." Filimbi ikalia. Tulitoka sare, tulimaliza msimu, na hadi leo pale hapajapandwa hata kiazi kimoja.

Sasa nikueleze jambo usilolijua. Miaka yote hii umeamini kwamba Wickliffe ilitukopesha yule isiyemhitaji. Sivyo. Asubuhi ile Mwalimu Renfroe alinipa Cleophus Tate, lile pande la mtu. Nilimkatalia kwa heshima, nikakuomba wewe kwa jina.

Unakumbuka kwamba nilipofika kwenu, nguruwe wa sikukuu alikuwa amevunja zizi. Nikiwa nimesimama langoni na kofia mkononi, niliwaona Hosea na Cleophus wakimrukia shingoni na masikioni, naye akiwaburuza uani kama magunia. Ukatoka wewe, mwembamba kama ufito, ukajilaza nyuma yake ukamkamata miguu. Nikajisemea moyoni, huyo ndiye.

Mwalimu Renfroe alikubali kwa sharti moja, nisimwambie mtu, Cleophus asije akajua kwamba amekataliwa na timu ya watu kumi. Nilimpa neno langu, na sikulivunja hata kwa Arvella. Mwalimu alikwisha kufariki zamani. Cleophus naye tulimzika Julai. Naamini sasa naweza kusema.

Hukuazimwa, shemeji. Ulichaguliwa. Nyumbani kwenu nilichagua mara mbili tu maishani, wewe na dada yako, na sikukosea hata mara moja.

Basi njoo Novemba, usimame mahali pako. Chumba cha mbele nimekwisha kukifagia, na kwa habari ya viazi hutanisumbua. Unifikishie salamu kwa mkeo na wajukuu.

Ni mimi nahodha wako,
Lemuel Gaither