Maji Juu ya Kisu

Jumatatu, 4 Mei

Kisu kingine cha mashine ya kuchonga chuma kimepasuka. Kimebaki kimoja. Meneja kasema mbele ya karakana nzima kwamba mimi napenda kuendesha mashine mbio kuliko kazi yenyewe. Hiki kikifa, mashine inauzwa na gia ya kinu cha pamba itakwenda kuchongwa Mwanza. Nimeshindwa kula kwa hasira.

Jumanne, 5 Mei

Nimechukua kipande cha chuma kigumu kama cha gia, nikatoboa tundu, nikazamisha waya wa kupimia joto. Kisu kikiupitia, kipimo kinasoma. Mzee Masunga, aliyenifundisha kazi hii, anaendesha mashine. Mimi nasoma kipimo nyuma ya mabati, kwa sababu ya cheche. Nimemwambia tunakata kavu. Kisu hiki kinastahimili joto. Kupashwa na kupozwa papo hapo hakiwezi. Kaitikia tu.

Joto lilipanda vizuri. Ghafla likaanguka. Likapanda, likaanguka tena. Upuuzi.

Jumatano, 6 Mei

Yaleyale. Nimebadilisha waya. Nimelaumu umeme, nimemlaumu muuza waya, na mama yake pia, maskini, asiye na kosa. Meneja kapita akauliza kama kipimo changu kina homa. Wakacheka. Simpendi yule mtu.

Alhamisi, 7 Mei

Leo joto lilipoanguka nilizunguka mabati. Mzee Masunga kashika kata, anakimwagia kisu maji yake ya kunywa, taratibu, kama ananywesha ndama.

Nilizima mashine, nikafoka. Nilimfokea mwalimu wangu mbele ya wapakiaji wa marobota.

"Mayu, mwanangu, kinaungua," akasema. "Nikitazame tu?"

Nikampa lenzi aone ukingo wa kisu. Nyufa, kama jaruba lililokauka. Visu vile vingine navyo, akakiri, alikuwa akivipoza nikimpa kisogo. Kumbe vimeuawa kwa huruma!

Meneja alikuja kuuliza kelele za nini. Nikasema waya ulikuwa mbovu. Hasira bado ninayo, ila sijui nimpe nani.

Ijumaa, 8 Mei

Meno ya kisu yana pande mbili. Nimeyageuza, nikatumia upande mzima. Gia, kavu, mwendo uleule.

Mzee kaketi kando na kata yake mapajani. Vipande vya chuma vilipotoka vyekundu kwa joto aliinuka nusu. Akaketi tena.

Gia imekwisha. Kisu kizima.

Maji kayanywa mwenyewe.