Kwa Baba Neema, Mume Niliyefunga Naye Ndoa Mara Mbili

Mpendwa Baba Neema,

Mwaka wa pili sasa tangu uondoke, na bado nakushangaa. Nimekaa peke yangu hapa Minto, pembeni ya Sydney, watoto wako shule, nikaona nikuandikie.

Unakumbuka harusi yetu kule kambi ya wakimbizi ya Kasulu? Mchungaji alitufungisha chini ya turubai, mvua inavuja, mimi nimeazima kitenge cha dada yako. Tulikula ugali wa mahindi ya njano na maharage, na watu wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Cheti hatukupewa. Daftari la kanisa lililoa mvua za mwaka uliofuata, na sisi wala hatukujali. Nani angetuuliza?

Tuliulizwa hapa Sydney. Yule afisa wa serikali kule Parramatta aliangalia fomu yetu, akatafuta cheti, akakosa, akaandika neno moja. Ukamgeukia mkalimani wetu, yule dada Mkenya.

“Kaandika nini?”

“De facto, kaka. Maana yake mnaishi pamoja kama mke na mume, bila ndoa. Msijali, sheria ya hapa inawatambua. Haki karibu zote ni zile zile.”

“Kama?” ulisema. “Kama mke na mume?”

Mimi nilikuwa natabasamu. Nilifurahi kwamba nchi inaweza kutuamini bila karatasi. Wewe ulilirudia lile “kama” ndani ya treni hadi Minto. Nikakuambia basi twende tukaandikishe ndoa, yaishe. Ukakasirika zaidi.

“Nikioa leo, Mama Neema, nitakuwa nimekiri kwamba siku ile tulicheza. Na Neema aliyezaliwa kambini atakuwa mtoto wa nini?”

Tulibishana hivyo karibu mwaka mzima. Kila fomu ikija, ya shule au ya daktari, uliikunja na kuitia mfukoni bila kuijaza.

Halafu ukaja kunichukua kazini, kwenye nyumba ya wazee. Ulitoka kiwandani Villawood ukiwa na buti zako, ukaketi barazani pamoja na mzee Alan, akakupa chai na biskuti. Alan hakuwa mkazi wetu. Alikuja kila siku kumlisha Peter, mkazi wa pale, ambaye alikuwa amesahau karibu kila kitu ila sauti ya Alan. Kwa Kiingereza chako cha kuokota ulimuuliza kama Peter ni ndugu yake.

“Ni mwenzangu wa maisha,” akasema. “Mwaka wa thelathini na nane huu.”

Niliona kikombe kikisimama mkononi mwako. Nami nikaharibu zaidi, kwa woga, nikamwambia Alan kuhusu ubishi wetu. Akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

“Nyinyi mnaruhusiwa, na hamtaki? Sisi kuna karatasi chache zinazotutambua. Ndoa, bado sheria hairuhusu wanaume wawili. Wangeniambia ni kesho, ningekwenda hata na pajama.”

Njiani ulisema jambo moja tu: “Yule mzee amenilisha biskuti kabla sijajua.” Nilicheka, lakini nilikuogopa. Nilijua unavyosimama kanisani na unayoyasema juu ya watu kama hao.

Wiki nzima hukulitaja. Jumapili, ukifunga tai, ukaniambia, “Tukaandikishe. Mungu anajua ya kwanza. Hii ni ya serikali.” Nikauliza mashahidi watakuwa nani. Ukasema mmoja ni yule dada yangu wa Campbelltown. “Na mzee wa biskuti, kama atakubali.”

Alikubali. Alivaa suti ya kijivu na kiatu kilichong'aa kuliko chako. Kile chumba kidogo cha Parramatta kilikuwa na maua ya plastiki, na mkalimani alikuwa yule yule. Msimamizi wa ndoa akasoma yale maneno ambayo sheria inamtaka aseme, kwamba ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, bila mwingine yeyote, kwa hiari, kwa maisha yao yote. Mkalimani alipofika hapo sauti ikampungua. Alan alikuwa anatazama sakafu.

Ukaachia mkono wangu. Nilidhani umebadili nia. Ulimwendea Alan, mbele ya msimamizi na dada yangu, ukamshika bega.

“Mume wako hajambo leo?” ulimuuliza, kwa Kiingereza, taratibu, usikosee neno.

Alan aliinua macho kutoka sakafuni. Kisha akasema, “Hajambo. Amekula vizuri.”

“Mungu ashukuriwe,” ukasema, ukarudi kunishika mkono. “Tuendelee.”

Baba Neema, sijui hata leo ulilitoa wapi lile neno “mume”. Hukuhubiriwa, hukusoma kitabu, na kanisani hukubadili msimamo wako, nilikusikia mwenyewe. Nilikuwa nimeishi nawe miaka kumi nikidhani nimemaliza kukujua. Siku ile nilimwona mwanamume mgeni kabisa, na nilikuwa nikiolewa naye.

Ulipougua, hospitali hawakuniomba cheti. Waliniuliza tu kama mimi ni mkeo, nikajibu ndiyo, wakanipa kiti. Alan naye alipoitwa hospitali kwa ajili ya Peter, muuguzi mpya alimuuliza yeye ni nani, akarudia kuuliza. Aliniambia alinyoosha mgongo na kujibu, “Mume wake,” kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia. Hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya watu kabla yako.

Pumzika, mume wangu. Watoto wanakua, mimi mzima.

Mkeo,
Mama Neema