Mmoja Huku, Mwingine Huku

Jumatatu, 3 Machi

Nachemsha maganda ya vitunguu tangu asubuhi. Wino umetoka vizuri, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Chumba kizima kinanukia supu ambayo haitanyweka. Muuza mboga wa chini ndiye anayenitunzia maganda, na kwa sababu hiyo mtaa mzima unaniita Babu Maganda. Miaka ishirini na tisa nilipiga pasi kwa dobi, hakuna aliyenipa hata jina la utani!

Mkutubi amekuja mwenyewe. Kapanda ngazi zote tatu, kafika anahema. Anataka michoro tisa ya mti wa uani kwetu, aitundike maktaba kuanzia Jumamosi ya tarehe 22. Nikamwambia sijawahi kuonyesha kazi yangu popote. Sina duka, sina mfadhili, sina bosi wa brashi. Akasema ndiyo maana kaja mapema, ili nipate muda wa kukataa na yeye apate muda wa kunibembeleza.

Nimekubali. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya zile ngazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeitandaza michoro yote sakafuni. Arobaini na mmoja. Mmoja kwa kila mwaka, siku ileile niliyoondoka nyumbani. Mti uleule. Gome linalobanduka kama rangi ya ukuta mkongwe. Kamba ya nguo, fundo lake shinani. Maua madogo meupe, ambayo mama alikuwa akiyakung'uta kwenye mashuka huku akigomba, kana kwamba mti umefanya makusudi.

Na majani. Majani ndiyo sahihi yangu. Nayachora mawilimawili, yanatazamana, kijiti katikati, kama watoto wawili kwenye sahani moja. Mama alizoea kutuambia, mimi na pacha wangu: "Nyie kama majani ya mti huu. Mmoja huku, mwingine huku." Kwa hiyo kila jozi ni sisi. Mimi kushoto, yeye kulia. Hakuna anayejua hilo ila mimi na daftari hili.

Mimi nilipanda lori la kwanza. Yeye na mama wangekuja na la pili.

La pili halikuwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Tulikuwa tunapima ukuta, mkutubi na mimi, nani akae wapi. Kwenye meza ya magazeti alikuwepo yule mwalimu mstaafu wa biolojia, mama wa kioo cha kukuzia. Akainuka, akapita mchoro hadi mchoro, pua nusura iguse karatasi. Akasema maua nimeyapatia, gome nimelipatia hasa. Kisha: "Lakini mzee mwenzangu, mti wenye ua hili majani yake hupishana. Moja huku, lingine kule, juu kidogo. Hayatazamani."

Nikamwambia mti ule naujua tangu sijaota meno.

"Na mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na tano. Kila aliyekosea alikuwa na uhakika."

Mkutubi akajaribu kucheka, akaacha. Alikuwa ameshaandaa kibandiko cha ukutani: *Mti wa Uani Kwetu, Kama Ulivyokuwa.* Nikamwomba asikibandike kwanza.

Nimerudi kwa miguu. Kama ni kosa, si kosa la jani. Nimelikosea mara arobaini na moja, tena siku ambayo nilikuwa nakumbuka kwa nguvu zangu zote. Sasa nimekumbuka nini? Na mama je? Ule mkunjo wa kiwiko chake akikamua shuka, nao nimeuchora mwenyewe kichwani?

Jumapili, 9 Machi

Jumapili ndiyo siku yetu ya simu. Nimemuuliza pacha wangu kabla hata ya salamu kuisha.

Kacheka mpaka kakohoa. "Wewe mzee, umenipigia kuniuliza majani?"

Nikamwambia yeye naye ni mzee, tulizaliwa siku moja.

"Tulipishana robo saa. Umezeeka peke yako."

Nikamkumbusha maneno ya mama. Mmoja huku, mwingine huku. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemtoa mwenzake mwiba, kwamba yale hayakuwa maneno ya mapenzi. Yalikuwa malalamiko! Mimi nikiingia jikoni, yeye anatoka. Yeye akishika ndoo, mimi nimeshapotea. "Mama hakuwahi kutupata wote wawili kwenye kazi moja. Tulikuwa tunapishana tu. Wewe ulidhani anatusifu?"

Ndiyo. Miaka sitini nimedhani anatusifu.

Nikamuuliza, basi majani yalipishana? Akasema hajui. "Wewe ulikuwa unayatazama juu. Mimi nilikuwa nayafagia."

Mti ulikatwa walipojenga ukuta. Nilikuwa najua. Nilichokuwa sijui ni kwamba kisiki kimechipua tena. Nikamwomba picha. Simu yake ni ya vibonye, kaniuliza iote macho lini? Atachuma kijiti, atakitia kwenye bahasha.

Jumatano, 19 Machi

Posta, hakuna kitu.

Nimejaribu kulichora tawi kama anavyosema mwalimu. Moja huku, lingine kule, juu kidogo. Nilitaka tu kuona lilivyo baya. Si baya. Tawi limekuwa kama linatembea — kushoto, kulia, kushoto. Yale ya zamani yamesimama wima kama watu wanaopigwa picha.

Nimelifunika kwa gazeti. Lilinitazama kama linanijua.

Ijumaa, 21 Machi

Bahasha imefika! Saa tano asubuhi, pembe moja imepondeka. Mkutubi kaingia nyuma ya tarishi, anataka maneno ya kibandiko kabla ya saa kumi. Amekaa kwenye kiti changu, kalamu mkononi. Kanikabidhi kioo cha kukuzia, kaagizwa na mwalimu, "bila maneno."

Ndani, kikaratasi cha pacha wangu: *Nimekichuma mwenyewe. Sikuhesabu. Hesabu wewe.*

Na kijiti, urefu wa penseli. Kitupu. Majani yote yameachia njiani, saba, yamelala chini ya bahasha kama yaliyofagiwa. Nimecheka peke yangu mpaka mkutubi kauliza kuna nini. Hata pacha wangu alipotaka kunipa majibu, kanipa taka za ufagio!

Halafu nikakumbuka. Jani likianguka huacha kovu. Dogo, umbo la kucha. Kijiti hakisahau mahali lilipokaa: makovu yakitazamana, nilikuwa sahihi; yakipishana, mwalimu.

Nimelitoa lile tawi la Jumatano chini ya gazeti, nikaliweka mezani. Mkutubi kalitazama muda mrefu. Kauliza, Babu, michoro ni tisa au kumi? Na niandike "kama ulivyokuwa", au niache?

Nimemwambia asubiri niandike mistari miwili. Naandika kwa mkono wa kulia. Kijiti kiko kushoto, nimekielekeza dirishani. Kovu la kwanza nimelipata, upande wangu. Kidole gumba kiko juu yake.

Bado sijakizungusha kuangalia upande wa pili.